Viko Salama: Jawabu kwa Mwenye Kuhama na Kufungia Vitu Vyake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, tumeulizwa suala katika darsa letu, nasi tumeona bora jawabu yake tuiandike, kwani aliyeuliza ni mmoja lakini wenye haja ya jawabu ni wengi.

Aliyeuliza ni ndugu yetu, mtu mzima, aliyekuwa akikaa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ya wazazi wake. Mama yake alipofariki nyumba iliuzwa, warithi wakagawana fedha zake kwa hukumu ya sharia, naye akahamia Kuruwitu, kijiji kilichoko ufuoni kati ya Mtwapa na Takaungu. Huko ana nyumba ya vyumba viwili, na riziki yake yamtosha. Lakini vitu vya nyumba ya Mombasa havikuenea katika vyumba viwili. Basi akakodi chumba katika ghala moja mjini, miongoni mwa maghala ya siku hizi ambayo mtu hulipa kwa mwezi, akatia kufuli lake mwenyewe, akaondoka na ufunguo. Humo mna vitanda na makabati, kasha la mama lenye misumari ya shaba, cherehani, masinia, vitabu vya babu, nguo, na mafurushi mengine ambayo yaliyomo hayakumbuki. Huu ni mwaka wa 3 alipa kodi.

Suala lake lilikuwa hili: Je, kulipia vitu asivyovitumia ni israfu? Na akiviuza, je, atakuwa amewavunjia heshima wazee wake?

Kabla ya kumjibu tulimuuliza nasi: "Na dada zako wasemaje?" Akasema kwamba mmoja alimtaka lile cherehani mara mbili, na mara zote mbili alimjibu, "Viko salama." Neno hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Maana kitu husemwa kiko salama kwa kuwa kimeepushwa na mwizi, na mvua, na moto. Hatukupata kusikia kuwa chataka kuepushwa na dada.

Kwanza yatupasa tuseme kwamba kuweka si kosa. Wazee wetu wamesema akiba haiozi, nao walijua walisemalo. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa zilijengwa na zidaka ukutani za kupangia vyombo. Mkulima wa bara ya Kilifi huweka mahindi ya mbegu juu ya meko, moshi uyafukuzie wadudu. Wafanya biashara waliokuja na kaskazi na kurudi na kusi waliacha mali kwa wenyeji wao hata msimu wa pili. Lakini angalia, ewe msomaji, kwamba katika hayo yote kila kilichowekwa kilikuwa na siku yake na mtu wake. Mbegu yangojea mvua, vyombo vyangojea wageni, mali yangojea jahazi. Akiba haiozi kwa sababu kuna anayeitazama na kuna anayeingojea. Ikikosa watu hao wawili, huoza kama kitu kingine chochote, na ukungu wa pwani yetu haubagui.

Ghala la kukodi ni jambo jingine. Biashara hii kwa sura yake ya sasa ilizuka Marekani, katika jimbo la Texas, miaka ya 1960, na leo nchi hiyo ina maghala ya namna hii zaidi ya 50,000. Mtu huhama mji mkubwa akaenda mji mdogo, au nyumba pana akaingia nyumba nyembamba, naye hulipia vitu vyake chumba kama alipiaye chumba mtu. Sasa imefika Nairobi na Mombasa. Hatusemi kuwa ni haramu. Hiyo ni ijara, nayo ijara ni halali, na mwenye safari au mwenye kujenga anayo haja nayo. Ila ijara si amana. Ukimwachia jirani kitu chako naye akakubali kukuwekea, amebeba dhima mbele ya Mungu. Ajua ni kitu gani na cha nani, na ukikawia hukuuliza. Mwenye ghala amekukodisha nafasi tu. Ufunguo unao wewe, na maadamu kodi imefika hana sababu ya kukuuliza neno. Hatumlaumu, kwani ndivyo mlivyopatana. Lakini jua kwamba ile kazi ya kuuliza, ambayo jirani alikufanyia bure, sasa hapana wa kuifanya illa nafsi yako.

Na kuhama nako si jambo geni katika pwani yetu. Wamazrui walipoondoka Mombasa mwaka 1837, baada ya kushindwa na Sayyid Said, baadhi yao walikwenda Gazi na wengine Takaungu, karibu na huko huko aliko ndugu yetu. Na juu ya kuhama kote kuna ile Hijra ya mwaka 622. Watu wa Makka, hata wale waliomkadhibisha Mtume (s.a.w.), walikuwa wakiweka mali zao kwake kwa kumjua kuwa ni mwaminifu. Walipokula shauri la kumwua naye akaamrishwa kuhama, alimwacha nyuma Sayyidna Ali (r.a.) azirudishe amana hizo kwa wenyewe. Sayyidna Ali akakaa Makka siku 3 mpaka akaitimiza kazi hiyo, kisha akamfuata. Zingatia hali hiyo: mtu atafutwa auawe, na wenye amana ni miongoni mwa wanaomtafuta, na bado hakuondoka mpaka haki zao zimepata wa kuzisimamia. Naye Suhayb (r.a.) alipotaka kuhama, Makureshi walimzuia kwa ajili ya mali aliyoichuma kwao. Akawaonyesha mali ilipo, wakamwachilia, akafika Madina mikono mitupu, na Mtume akamsifu kuwa amefanya biashara yenye faida. Wa kwanza alirudisha vya watu, na wa pili aliacha vyake. Hatukumwona hata mmoja aliyechukua ufunguo.

Basi tukamwambia ndugu yetu: kabla hujauliza kama ni israfu, uliza ni vya nani. Tukahesabu pamoja naye, na vitu vile vikawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni amana. Katika kuhesabu alikumbuka furushi moja ambalo jirani wa zamani, mwanamke aliyehamia Malindi, alimwekesha marehemu mama yake. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika pwani yetu, ameieleza hukumu ya amana kwa uwazi. Kuipokea ni sunna kwa mwenye kuiweza na kujiamini. Ni makuruhu kwa mwenye uwezo asiyejiamini nafsi yake. Na ni haramu kwa asiyeweza kuihifadhi. Mwenye kuwekeshwa akitaka kusafiri yampasa airudishe kwa mwenyewe au wakili wake. Asipowapata, kwa kadhi. Na asipompata kadhi, kwa mtu mwaminifu. Akiifukia ardhini akaenda zake, ikipotea yamlazimu kuilipa. Na mwenye kuwekeshwa akifa, amana imekoma, na warithi wake hawana ruhusa ya kukaa nayo illa waharakishe kuirudisha. Tukamuuliza ndugu yetu: Kuna tofauti gani kati ya kuifukia ardhini na kuifungia katika chumba ambacho wewe u Kuruwitu na ufunguo u mfukoni mwako? Akanyamaza.

Fungu la pili ni mirathi. Nyumba ilipouzwa fedha ziligawanywa, lakini vyombo havikugawanywa, kwa kuwa watu hudhani mirathi ni nyumba na shamba na fedha za benki. Sura ya An-Nisaa, aya ya 7, imewapa wanaume fungu na wanawake fungu katika walivyoacha wazazi, viwe vichache au vingi. Na cherehani ni katika hivyo vichache. Kila siku kasha lile lilipokaa gizani, sehemu yake ilikuwa ya dada zake, nao hawakuulizwa kama wataka ikae gizani. Na kama angewadai wamsaidie kodi ya miaka 3, hatuoni kuwa anayo haki hiyo, kwa kuwa alikodi pasipo kuwataka shauri.

Hapa twapenda tumkumbushe msomaji khabari ya Zubair bin Awwam (r.a.). Watu walikuwa wakimletea mali zao awawekee, naye akiwaambia ziwe ni deni juu yake, si amana, kwa kuchelea zisije zikapotea. Maana amana ikipotea pasipo uzembe mwenyewe hana la kudai, lakini deni halipotei. Alipokufa madeni hayo yalifika 2,200,000. Mwanawe Abdullah aliyalipa yote, kisha warithi wakamtaka awagawie urithi. Akakataa mpaka atangaze katika Hija misimu 4, kwamba mwenye kumdai Zubair na aje. Yeye alichelewesha mirathi ili haki za watu zipate kujulikana. Sisi twaichelewesha hata mwenye haki asahau kuwa anayo.

Fungu la tatu ni vitu vyake mwenyewe. Katika haya ana uhuru, na sharia haikumtoza zaka kwa kitanda wala sinia la kutumia. Lakini tazama jinsi wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walivyohukumu katika dhahabu. Mkufu ambao mwanamke auvaa kwa kiasi cha desturi hauna zaka. Mkufu ule ule, ukiwekwa kwa nia ya kulimbikwa, una zaka ikiwa dhahabu yake imetimia nisabu, nayo ni gramu 85 hivi. Dhahabu haikubadilika wala uzito haukuzidi. Kilichobadilika ni kwamba imetoka shingoni ikaingia kufulini. Twaona katika hukumu hiyo mafunzo kwa kila kitu, hata kisichokuwa na zaka: kitu hupata hukumu yake kwa kazi yake. Basi kodi ya miezi 3 kwa kitanda atakachokilalia ni matumizi. Kodi ya miaka 3 kwa kitanda asichokusudia kukilalia, huku kuna maskini alalaye chini, twachelea kuwa ni israfu, na Mungu ndiye ajuaye nia za watu.

Hapo ndugu yetu alitushika kwa hoja, nasi kwa insafu twaieleza. Alisema: "Mlango wangu waelekea bahari. Wavuvi wa Kuruwitu walifunga sehemu ya bahari yao, wasivue humo, na kila mtu awasifu. Mbona wao wafungapo ni busara, na mimi nifungapo ni lawama?"

Hoja hii yastahili kujibiwa. Ni kweli kwamba samaki wa huko walikuwa wamepungua kwa kuvuliwa kupita kiasi, na joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika miamba ya Kenya. Mwaka 2003 wenyeji waliunda chama chao, na mwaka 2005 wakatenga kiasi cha hekta 30, mahali paitwapo tengefu, wakakatazana kuvua humo. Kwa mvuvi asiye na shamba hilo si jambo jepesi. Ni kufunga mdomo wa mtungi nyumbani mna kiu. Samaki wakarudi wakazaliana, na wanaovuka mpaka wa tengefu huvuliwa nje yake. Mwaka 2017 walipewa tuzo ya Equator ya Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa.

Na jambo hili lina asili katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) alitenga malisho ya Naqii kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na Sayyidna Umar (r.a.) akatenga Sharaf na Rabadha. Malisho hayo huitwa hima. Umar alimwamrisha mlinzi wake amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdulrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan. Kwa kuwa hao wawili mifugo yao ikifa wanayo mashamba na mitende ya kuwatosha, lakini maskini mifugo yake ikifa hana kitu. Basi hima imefungwa, lakini mlango wake umefunguliwa upande wa mnyonge.

Hii ndiyo tofauti, ewe ndugu yetu. Watu wa Kuruwitu walifunga kilicho chao wote, kwa kushauriana wao wote. Walichokifungia huzaa, na hutoka chenyewe kikawafikia wengine. Wewe umefunga kilicho chako na cha wengine kwa shauri la mtu mmoja. Kilichomo hakizai illa kutu, na aliyekitaka amerudishwa mara mbili. Tengefu lina watu wanaolingojea. Chumba chako kina mtu anayekingojea pia, nawe umemwambia viko salama.

Imebaki hoja moja, nayo ndiyo nzito kuliko zote, ingawa yeye aliitaja mwisho na kwa sauti ndogo. Alisema kwamba akiingia katika chumba kile hupata harufu ya nyumba ya mama yake. Hatukuwa na jawabu ya haraka, na msomaji asitarajie kwamba tutamcheka mwenye kusema hivyo. Lakini twajua kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa ni wema gani uliobaki kwa wazazi baada ya kufa kwao, akataja kuwaombea dua na msamaha, kutimiza ahadi zao, kuwaunga jamaa ambao hawaungwi illa kwa ajili yao, na kuwakirimu marafiki zao. Tukapima vitu vya chumba kile kwa maneno hayo. Furushi la jirani ni ahadi ya mama isiyotimizwa. Dada mwenye kutaka cherehani ni jamaa ambaye udugu wake wapita kwa mama huyo huyo. Basi aliyehifadhi harufu akazuia ahadi na udugu, ameshika kivuli akaacha mti.

Jumamosi moja tulifuatana naye, sisi watu watatu wa darsa pamoja na dada zake wawili, akafungua. Nguo nyingi zilikuwa zimepiga ukungu. Vitabu viwili vya babu vilikuwa vimegandamana kurasa, visifunguke. Cherehani lilikuwa limeshika kutu. Dada yake akaketi chini sakafuni, akalitia mafuta ya nazi aliyokuwa nayo mkobani, akawa aligeuza gurudumu kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka likazunguka. Hakusema neno, na sisi hatukusema. Furushi la jirani lilipelekwa Malindi wiki ile ile. Mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, wanawe wakalipokea. Hatukulifungua, wala kilichomo hakikutuhusu. Vilivyobaki viligawanywa, vingine vikauzwa, vingine vikatolewa sadaka kwa idhini ya warithi wote. Kasha likamwangukia ndugu yetu kwa ridhaa ya dada zake, nalo sasa liko Kuruwitu, ndani yake mna mashuka ya wageni. Hatusemi ilikuwa siku ya furaha. Alipokabidhi ufunguo wa ghala mkono wake ulikuwa mzito, nasi twamwombea Mungu ampe badala yake.

Basi ndugu zetu, kila mwenye kukusudia kuhama, iwe ni kutoka Mombasa kwenda Kuruwitu au kutoka Malindi kwenda ng'ambo, na aandike vitu vyake kwa mafungu yale matatu kabla hajatafuta gari la kupakilia. Vya watu avirudishe kwa mashahidi. Vya mirathi awaite warithi, wanaume na wanawake, na wakihitilafiana waende kwa kadhi, ambaye Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa mamlaka ya mirathi baina ya Waislamu wenye kukubali hukumu yake. Vyake mwenyewe avitumie, au auze, au atoe vikiwa bado vyafaa kutolewa. Kwani kumpa maskini nguo iliyokwisha kuliwa na ukungu si sadaka, ni kumtupia taka. Na kama hana budi kukodi ghala, aandike siku ya kulifungua, na ufunguo wa pili ampe mtu atakayemuuliza.

Sote tu wahamaji. Siku moja tutahama pasipo gari wala mizigo, na funguo zetu watazishika wengine. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie siku hiyo wasikute nyuma ya kufuli zetu haki ya mtu. Wallahu a'lam.